Ugenini Nilijifunza Kufyeka Kaburi la Babu

Ukitoka kwetu Chiwanda ukafuata mwambao wa Ziwa Nyasa kuelekea kaskazini, ukaipita Mbamba Bay, utafika Liuli. Pale bandarini pana mwamba mkubwa ambao watoto wa Liuli wameukuta na wazee wao wameuacha. Wajerumani walipofika enzi za ukoloni, waliutazama mwamba ule wakaona sanamu ya kale ya Misri, yule simba mwenye kichwa cha binadamu. Basi mahali pote wakapaita Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx. Kwa jina hilo Liuli imeandikwa katika vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza, maana ni hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ilipoishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann.

Wazee wa Liuli hawakuwa na habari na Misri. Mgeni ndiye aliyekuja nayo machoni, akaibandika juu ya jiwe la watu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu nilipoanza kusafiri, kwa sababu nami nimebandika Chiwanda yangu juu ya mambo ya watu wengine, nikawahukumu kwa hayo, na baadaye nikalazimika kuyabandua moja moja.

Bibi yangu mzaa mama hakupata kupanda meli. Safari yake ya mbali kabisa ilikuwa kwenda Mbinga kuuza usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu. Lakini siku niliyoaga kwenda masomoni Ujerumani, aliniita uani, akanitemea mate kidogo kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, akaniambia: "Mjukuu wangu, ukifika kwa watu tanguliza masikio, mdomo uje nyuma." Nilimwitikia upesi, kama vijana wanavyoitikia wazee huku akili iko kwenye basi. Imenichukua miaka kuelewa alichonipa.

Na kumbe somo lile alikuwa ameshanipa zamani, nikiwa mtoto, tulipopanda naye milimani. Sisi wa ziwani tumezoea mchanga, muhogo, mpunga wa mabondeni na joto. Ukipanda kwenda Umatengo unakuta baridi, kahawa, na mashamba yaliyolala kwenye miteremko mikali. Nilipoyaona mashamba yale kwa mara ya kwanza nilicheka. Mlima mzima ulikuwa umejaa mashimo, safu kwa safu, kama sega la nyuki. Nikamuuliza bibi hawa watu wana nini hata wanachimba mashimo badala ya kulima. Bibi hakunijibu. Alinishika mkono akanipeleka kwa mwenye shamba, mzee wa Kimatengo, akamwambia: "Huyu mtoto ana swali, anaogopa kukuuliza."

Mzee yule aliinama akanionyesha. Nyasi hufyekwa zikakauka, zikapangwa chini kwa mistari inayokatana mpaka vikatokea vyumba vya mraba. Kisha udongo wa katikati ya kila chumba huchimbwa na kufunika zile nyasi pande zote nne. Panapochimbwa panakuwa shimo, na palipofunikwa panakuwa tuta. Mazao hukaa juu ya tuta, nyasi zinaoza chini yake na kuwa mbolea, na mvua ikishuka kwa nguvu maji yanatuama shimoni badala ya kuukokota mlima kuupeleka bondeni. Hizo ndizo ngoro. Wamatengo wamelima hivyo kwa vizazi vingi, kwenye miteremko ambayo kwa kilimo chetu cha ziwani ingebaki mawe matupu baada ya masika machache.

Tuliposhuka bibi aliniambia neno moja tu: "Umeona? Lile shimo lina kazi."

Mila za watu ni kama ngoro. Anayepita njiani huona shimo. Aliyesimama akauliza huambiwa shimo linazuia nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kucheka kabla ya kuuliza ndio ujinga wenyewe. Lakini somo la mtoto halikai mpaka dunia ilirudie, na mimi dunia ilinirudia Bavaria, kusini mwa Ujerumani, siku ya Jumapili mchana, nikiwa na mchi mkononi.

Nilikuwa napanga chumba ghorofa ya pili. Jumapili ile nilipata kisamvu kwenye duka la Waafrika, kile kilichotwangwa kikagandishwa, nikakosa karanga za unga. Nikanunua karanga za kawaida, nikazikaanga, nikaanza kuzitwanga kwenye kinu kidogo cha mti nilichokiweka sakafuni. Sikufika mbali. Mlango uligongwa. Alikuwa mama mzee wa ghorofa ya chini, mweupe wa nywele, amevaa vizuri kama anatoka kanisani. Hakupaza sauti. Aliweka kidole mdomoni, akasema neno moja: "Sonntag." Yaani Jumapili. Akashuka ngazi taratibu akinikazia macho.

Niliumia. Kwetu sauti ya kinu mchana ni habari njema. Jirani akiisikia anajua kwamba nyumba ile wapo salama na leo kuna chakula. Mtu kupanda ngazi kuja kunyamazisha kinu cha mwenzake, kwangu ilikuwa kama kuniambia nisile. Nikasema moyoni kwamba watu hawa hawana ujirani. Nikakaa na hukumu hiyo siku kadhaa, nikaipenda kama mtu anavyokipenda kidonda anachokikuna.

Kisha nikakumbuka mzee wa ngoro, nikamuuliza mwalimu wangu mmoja. Alinieleza kwamba Jumapili kwao inalindwa na katiba. Katiba yao ya mwaka 1919 iliitaja Jumapili kuwa siku ya watu kupumzika na kuinua roho zao, na katiba ya mwaka 1949, iliyoandikwa baada ya vita, ikalichukua fungu lile kama lilivyokuwa. Ndiyo maana maduka karibu yote hufungwa, mashine ya kukata nyasi haingurumi, na hata chupa tupu hazitupwi siku hiyo kwenye mapipa ya mtaani, kwa sababu kioo kikivunjika kitawasumbua waliopumzika. Mfanyakazi wa kiwandani na bosi wake wote wana siku moja katika wiki ambayo hakuna anayeruhusiwa kuwanyang'anya utulivu.

Hapo nikajiona mjinga, maana sisi nasi tunao ukimya wetu. Chiwanda mtu akifa, jembe halishiki udongo siku hiyo. Mitumbwi huvutwa mchangani, taa za wavuvi wa usipa haziwaki ziwani usiku ule, na kinu hunyamaza isipokuwa cha msibani. Mgeni asiyejua akianza kutwanga kwa kishindo huku jirani amelala chini kwa kilio, atagongewa mlango vilevile, na huenda asipate bahati ya kidole mdomoni. Kumbe ukimya sote tunao. Wao wameufunga kwenye kalenda, sisi tumeufunga kwenye kifo.

Jumatatu iliyofuata nilipika tena, nikachukua bakuli la kisamvu cha karanga, nikashuka ngazi kuomba radhi. Sijui kama alikipenda. Lakini tangu siku ile akawa ananisubiri ngazini, ananisahihisha Kijerumani changu, nami nambebea mizigo yake ya sokoni. Nikamwita mama, naye hakukataa.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, aliniomba nimsindikize makaburini kwa mumewe.

Sijawahi kuona mahali pa wafu palipotunzwa namna ile. Makaburi yamepangwa kama bustani. Kwenye bomba la maji zimetundikwa ndoo za kumwagilia, na kila kaburi lina maua yake na taa ndogo nyekundu yenye mshumaa unaowaka usiku na mchana. Yule mama alitoa mfukoni brashi ndogo. Akapiga magoti kwa shida, akasugua ukoga kwenye herufi za jina la mumewe, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Akang'oa magugu matatu au manne, akayafunga kwenye gazeti. Akawasha taa. Ilikuwa baridi, na vidole vyake vilikuwa vyekundu, lakini hakuwa na haraka.

Ndipo akaniambia jambo lililonishtua kuliko yote niliyoyasikia katika nchi ile: kaburi lile limekodiwa. Familia hulipia eneo kwa miaka maalumu, mara nyingi 20 au zaidi kidogo kutegemea mji, na muda ukiisha hulipia upya. Wasipolipia, jiwe huondolewa na mahali hupewa mwingine. Mwili wangu ulisisimka. Kwetu ardhi ya kaburi haina bei wala mkataba, aliyelala amelala. Nilikuwa tayari kabisa kurudi kwenye hukumu yangu ya zamani, niseme hawa hata wafu wao ni wapangaji.

Kabla sijafungua mdomo, yeye akauliza: "Msiba kwenu unakuwaje?"

Nikamweleza. Nikamwambia mtu akifariki hatuhitaji kualika. Wanawake wanafika na unga wa muhogo na kuni kichwani, vijana wanachimba kaburi bila malipo, na wazee wanakaa na wafiwa. Nikamwambia kwamba mjane haachwi peke yake. Wanawake wanatandika mikeka wanamzunguka, wanalala naye siku za matanga, na akishtuka usiku wa manane anakuta mkono wa mtu karibu yake.

Alinyamaza muda mrefu, brashi mkononi. Kisha akasema kwamba mumewe alipozikwa, walikuja watu wachache, wakanywa kahawa na keki mgahawani kama ilivyo desturi, wakamshika mkono, wakaondoka. Usiku uleule alilala peke yake katika nyumba yenye koti la mumewe bado limetundikwa mlangoni. "Sikujua," akasema, "kwamba inawezekana isiwe hivyo."

Nilijivuna. Nakiri kwamba nilijivuna. Na hapo ndipo akauliza swali lake la pili, kwa upole wote: "Na babu yako, nani anamwashia taa?"

Sikuwa na jibu. Babu yangu alizikwa chini ya mwembe, hatua chache kutoka uwanja wa nyumba yake. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, familia ikahamia kijijini pamoja na wengine, na mwembe ule na kaburi lile vikabaki mahame. Kwa miaka ya mwanzo watu walikuwa wakienda. Kisha waliojua njia wakazeeka. Kanisa hutukumbusha marehemu kila tarehe 2 Novemba, nasi tunaomba vizuri sana, lakini tunaombea makaburi ya karibu na barabara. Mimi, mjukuu mwenye jina lake, nilikuwa sijafika pale tangu utoto. Nilisimama kwenye makaburi ya kukodi nikitambua kwamba kaburi la babu, lisilo na mkataba wala mwisho, lilikuwa limeshachukuliwa na kichaka.

Basi nikaielewa tofauti yetu, na sijapata namna nyingine ya kuisema. Sisi tunajua kuzika, wao wanajua kutunza. Sisi ni hodari wa siku tatu, wao ni hodari wa miaka 20. Sisi tunambeba mfiwa mpaka mabega yanachubuka, kisha tunawasahau wafu. Wao wanamkumbuka maiti kwa brashi na maua, na mfiwa wanamwachia ukuta wa nyumba yake. Kila upande unalinda kitu cha thamani, na kila upande una kitu kinachouponyoka mkononi.

Wapo wasafiri wa namna mbili wanaopoteza nauli yao. Mmoja anakwenda kwa watu akiwa amefumba macho, anarudi na masimulizi ya kuwacheka: hawasalimiani, hawalishani, wamewatenga wazee wao. Mwingine anarudi akiwa amewasahau waliomlea, kila cha kwao anakinunia, kila cha ugenini anakiita ustaarabu. Wa kwanza hakusafiri, ametembeza tu kiburi chake. Wa pili wahenga walimwonya kwa kusema usiache mbachao kwa msala upitao. Na wote wawili wanangojewa na methali moja ya mabaharia wa pwani inayotufaa hata sisi wa maji baridi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tutarudi. Swali ni tutarudi na nini.

Niliporudi Chiwanda nilitaka kwenda moja kwa moja mahameni na panga. Ashukuriwe Mungu nilikumbuka kutanguliza masikio hata nyumbani kwetu. Mtu anayekwenda makaburini bila msiba, tena peke yake, kijijini huulizwa anatafuta nini, na maswali hayo yana uzito. Nikaenda kwa mjomba, mkubwa wa ukoo aliyebaki, nikamweleza ninachotaka. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Umeota nini?" akauliza, maana kwetu marehemu akitaka kukumbukwa huja ndotoni.

"Sikuota, mjomba. Niliona."

Nikamsimulia yule mama na brashi yake. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mzungu amekukumbusha babu yako. Hiyo ni aibu yetu, lakini ni aibu nzuri." Akapanga siku, akawaambia wenzake wa ukoo, akasema watoto wote waje.

Tulikwenda na mafyekeo, mapanga na majembe. Mwembe tuliuona mbali, lakini kaburi tulilitafuta. Mjomba alitembea polepole akigusa ardhi kwa mkongojo, akasimama, akasema fyekeni hapa. Mawe ya pembeni yakaonekana. Kisha, mita moja upande wa kushoto, vijana wakagonga mawe mengine, kaburi fupi la mtoto. Vijana hawakujua ni la nani. Mjomba alikaa chini. Alisema ni la dada yake, aliyemtangulia mama yangu kuzaliwa, aliyekufa kwa surua kabla ya kuanza kutembea. Akamtaja jina. Mama yangu mwenyewe hajapata kunitajia jina hilo. Wajukuu na vitukuu waliokuwa na majembe mikononi wakalirudia kimyakimya, mmoja mmoja, kama wanaolipima mdomoni.

Siku ile niliona kile ambacho yule mama alikuwa akikilinda kwa brashi yake. Kaburi likifyekwa, jina hutoka. Jina likitoka, ukoo hujijua. Watoto wale walifika mahameni wakiwa ndugu wa mbali wanaosalimiana kwenye harusi. Walirudi wakijua wametoka katika uwanja mmoja.

Yapo makaburi yanayodai zaidi ya kufyekwa. Songea, makao makuu ya mkoa wetu, kuna kaburi la halaiki la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, katika Vita vya Maji Maji. Vita vile vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyovifuata, vinakadiriwa kuua watu wengi mno, na makadirio mengine yanafika 300,000. Familia ya Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule umebeba jina lake, inaamini kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo hakijarudi. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na uzao wa Songea Mbano, akainamisha kichwa na kuomba msamaha. Aliahidi juhudi za kukitafuta kichwa kile, bila kuahidi kwamba kitapatikana. Nilipoisikia tarehe nilishtuka. Ilikuwa siku ileile ambayo wajane wa Bavaria wanapiga magoti kuwashia taa waume zao.

Watu wanaojua kuosha jina la marehemu herufi kwa herufi wana kila sababu ya kuelewa maana ya kumrudisha mtu kwao. Hilo nawadai kwa heshima, kwa sababu nimeona wanavyopenda wafu wao. Nasi tunaowadai tuna wajibu wetu, maana dai letu litakuwa na uzito iwapo makaburi tuliyonayo tayari hayako vichakani.

Ndugu msomaji, nawe huenda una safari, au una mtoto aliyeko mbali. Mwambie aulize kabla ya kucheka. Akiona shimo, aulize linazuia nini. Akigongewa mlango, aulize ni ukimya gani ameuvunja. Akirudi, alete jema alilolikuta, alipitishe mlangoni kwa wazee, wasilipokee kama fimbo bali kama zawadi.

Na wewe uliyebaki nyumbani, jirani akifiwa, vuta mtumbwi wako mchangani na upeleke mkeka, kama tulivyofunzwa. Usikubali barabara mpya na simu zituondolee hilo. Kisha kabla mvua za mwaka huu hazijaanza, chukua fyekeo, mtafute mzee anayejua njia, uwachukue watoto, mwende mahameni. Mzee huyo hatakuwepo siku zote. Mjomba wangu amekwisha kufariki, naye amelala chini ya mwembe uleule, na vitukuu wanajua pa kumkuta.